Umepunguzwa kazini na kesho haieleweki: kumtumaini Mungu kunafanywaje, hatua kwa hatua?

Mtunza Ghala (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Kipindi hiki mikataba inakatwa, miradi inafungwa, na kila anayepewa barua ya kupunguzwa anaambiwa neno moja popote anapogeuka: "Wewe mtumaini Mungu tu." Neno ni sahihi. Kasoro yake linatolewa bila maelekezo. Kodi inaisha mwezi ujao, watoto wanarudi shule, mtu kaambiwa atumaini, halafu Jumatatu saa mbili asubuhi hajui aanzie wapi.

Nafungua uzi huu tuweke utaratibu. Wenye kujua Maandiko, sheria ya kazi, vikundi vya akiba, karibuni. Shuhuda naomba tuziache, zina majukwaa yake. Hapa tuweke namna ya kufanya.

Naanza na Yeremia 32, sura ambayo haihubiriwi sana. Ni mwaka wa 10 wa mfalme Sedekia, jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu, na Yeremia mwenyewe yuko chini ya ulinzi katika uwanja wa walinzi. Hapo ndipo binamu yake Hanameli anapokuja kumuuzia shamba la Anathothi, kijiji kilicho kilomita chache tu nje ya mji uliozingirwa. Biashara mbaya kuliko hiyo sijui kama ipo. Lakini soma aya ya 9 hadi 14, utadhani uko ofisi ya ardhi: shekeli 17 za fedha zinapimwa kwenye mizani (ni kama gramu 190 hivi), hati inaandikwa, mashahidi wanaitwa, nakala ni mbili, moja imetiwa muhuri na moja iko wazi, Baruku mwana wa Neria anakabidhiwa mbele ya watu, na zote mbili zinatiwa kwenye chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi.

Sasa angalia mfuatano. Sala inaanza aya ya 16, baada ya hati kukabidhiwa. Na sala yenyewe haina utulivu wowote. Aya ya 25 anamuuliza Mungu kwa maneno mengine: umeniambia ninunue shamba kwa fedha na mashahidi, na mji wenyewe ndio huo unakwenda mikononi mwa Wakaldayo? Kwa hiyo alitii akiwa haelewi, akamaliza karatasi zake, ndipo akapeleka maswali. Anayengoja wasiwasi uishe kwanza ndipo afanye jambo, Yeremia hayuko upande wake.

Nani anaongezea?

Mezani Kwangu

Mkuu kwa kuwa umeanza na karatasi, nidakie hapo hapo. Nazungumzia Tanzania, sekta binafsi.

Kosa linalowaumiza waumini ni hili: mtu kapewa barua, anaingia mfungo wa siku 40 kuutafuta uso wa Mungu, anatoka na amani yake, anakuta dirisha limefungwa. Kanuni za Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, za mwaka 2007 zinatoa siku 30 kupeleka mgogoro wa kuachishwa kazi, na siku 60 kwa migogoro mingine. Ukichelewa unaweza kuomba uongezewe muda, lakini utatakiwa ueleze sababu ya msingi ya kuchelewa. "Nilikuwa kwenye maombi" ni sababu ngumu kuitetea mezani.

Funga, sawa, ila funga ukiwa umeshajaza fomu. Kabla hujaondoka kazini hakikisha mambo haya:

Barua iwe na tarehe na sababu. Kama ni kupunguzwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio lake mapema, aseme sababu, na ajadiliane na wafanyakazi au chama chao juu ya namna ya kuchagua wa kuondoka. Kikao cha kutangaziwa si majadiliano.

Malipo ya mwisho: mshahara wa siku ulizofanya, likizo ambayo hukuichukua, malipo ya notisi kama hukupewa muda wa notisi, na kiinua mgongo. Hicho cha mwisho ni angalau siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, usiozidi miaka 10, mradi umefanya kazi miezi 12 mfululizo. Kwa hiyo kima cha chini cha sheria kinafika kikomo kwenye siku 70. Watu husaini karatasi ya "nimepokea haki zangu zote" bila kupiga hesabu hii. Piga kwanza.

Cheti cha utumishi. Watu wanakisahau, kisha baada ya miezi 4 wanakihitaji kwa mwajiri mpya na ofisi ya zamani imeshahama.

NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii): ulizia fao la kukosa ajira. Uwe umechangia angalau miezi 18 na hukuacha kazi kwa hiari yako. Ndiyo maana usikubali kuandika barua ya kujiuzulu "ili faili lako liwe safi".

Ndugu wa Nakuru

Huku Kenya malipo ya redandansi (kupunguzwa kazi) ni angalau siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika, na notisi isiyopungua mwezi mmoja kwako na kwa ofisa wa leba wa eneo. Mengine yanafanana. Endeleeni.

Kipanga Mweusi

Mimi si mtu wa kanisani sana lakini nasoma. Swali: kama ni hivyo, lile andiko la Yeremia 29:11 ambalo kila mtu anabandika kwenye status, "mawazo ya amani wala si ya mabaya", linasemaje? Maana wanalitumia kama ahadi kwamba wiki ijayo utaitwa kwenye usaili.

Mtunza Ghala

Kipanga, swali zuri. Anza kusoma sura ya 28. Kuna nabii anaitwa Hanania. Anasimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, anatangaza kwamba ndani ya miaka 2 vyombo vya hekalu na mateka wote watarudi kutoka Babeli. Anaivunja hata ile nira iliyokuwa shingoni mwa Yeremia. Watu lazima walipiga vigelegele. Mwaka ule ule, mwezi wa 7, Hanania akafa.

Sura ya 29 ni barua ya Yeremia kwa mateka hao hao. Anawaambia ni miaka 70 (aya ya 10). Ndipo inafuata aya ya 11. Mtu mzima aliyeisoma barua ile hakutarajia kurudi yeye mwenyewe. Wajukuu wake pengine. Na maagizo ya kipindi chote cha katikati yapo aya ya 5 hadi 7: jengeni nyumba mkakae ndani yake, kapandeni bustani mkale matunda yake, oeni, zaeni, utakieni amani mji ule mliochukuliwa na kuuombea.

Kwa hiyo ukibandika aya ya 11, bandika na ya 5. Kwa lugha ya aliyepunguzwa: usiishi kwa kukaa mguu nje mguu ndani, ukingoja kuitwa "karibuni". Panga maisha yako kwa muda mrefu. Kama kodi ya nyumba imekuzidi, hama sasa, ukiwa bado una hela ya kuhamia. Panda mboga kama una hata kiwanja cha hatua kumi. Ahadi ya Mungu ni kweli, ila tarehe hukupewa, na anayekupa tarehe mwangalie mara mbili.

Katekista wa Kigango

Tumsifu Yesu Kristo.

Mezani kaeleza karatasi za mwajiri. Niongeze karatasi moja ya Mungu. Kanisa linaita jambo hili Maongozi ya Mungu, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki inalieleza namba 302 hadi 314. Lakini mwenye barua mkononi usimpe Katekisimu usiku wa kwanza. Mpe Zaburi ya 13. Ina aya 6 tu na imegawanyika vizuri, mbili mbili mbili.

Unahitaji karatasi, kalamu, na dakika 15, mapema jioni. Usifanye kitandani.

Aya ya 1 na 2 ni malalamiko. "Hata lini" inatajwa mara 4: mbili zinamwelekea Mungu ("utanisahau, hata milele?", "utanificha uso wako?"), moja inaelekea nafsi yake mwenyewe anayehangaika na mashauri mchana kutwa, na moja inamwelekea adui. Nawe andika hivyo hivyo. Mstari wa kile unachomdai Mungu, mstari wa kile kinachozunguka kichwani, mstari wa mtu au jambo linalokushinda. Usiandike "nina changamoto za kifedha". Andika "kodi laki mbili na nusu, mwisho tarehe 5, sina."

Aya ya 3 na 4 ni ombi, na ombi lina sababu: "nisije nikalala usingizi wa mauti". Omba kitu kimoja kinachoweza kujibiwa ndio au hapana ndani ya wiki hiyo. Na mwambie Mungu kwa nini.

Aya ya 5 na 6 ni tumaini: "Nami nimeitumainia fadhili zako." Kumbuka hapa hali haijabadilika hata kidogo, adui yuko pale pale. Mwenye zaburi anashika kile Mungu alichokwisha kutenda. Andika kitu kimoja cha kweli cha zamani, chenye mwaka wake.

Makosa ya kawaida: mtu kuruka moja kwa moja aya ya 5 kwa sababu malalamiko yanamtia aibu. Zaburi haijengeki hivyo, tumaini lisilopita kwenye "hata lini" huwa jepesi na hupeperuka wiki ya tatu. Kosa la pili ni kulalamika juu ya Mungu kwa majirani badala ya kulalamika kwake. Maneno yanaweza kuwa yale yale, ila la kwanza ni masengenyo na la pili ni sala. Kosa la tatu ni kufanya haya saa nane usiku ukiwa na njaa. Eliya katika 1 Wafalme 19 alipoomba afe, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akalala, akaamshwa, akala tena. Hotuba ilingoja mpaka Horebu.

Mdau Kimya

Katekista, na kama aya ya 5 haiji? Umeandika malalamiko, umeomba, ukifika pale kwenye tumaini ni ukuta.

Katekista wa Kigango

Basi usiiandike. Sogea Zaburi ya 88, ambayo kwenye baadhi ya vitabu vyetu ni ya 87. Ile haina aya ya kugeuka. Inaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu na inaishia gizani, na Kanisa halikuitoa wala kuiongezea mwisho mzuri. Katika Sala ya Kanisa, zile sala za vipindi vya kila siku, ndiyo zaburi ya sala ya mwisho wa siku kila Ijumaa. Maana yake kila juma, ulimwenguni kote, watu wanaisali hata wakiwa na furaha, kwa niaba ya aliye ukutani. Siku hiyo umwachie aya ya 5 mwenzako akushikie.

Mhasibu wa Kikoba

Nimesoma mpaka hapa, sasa niingie kwenye hela, maana ndipo imani inapopimwa.

Kutoka 16 ndiyo sura ya bajeti. Kipimo cha mana kilikuwa pishi moja kwa kichwa kwa siku, na aya ya 36 inasema pishi ni sehemu ya kumi ya efa. Efa ni kama lita 22, kwa hiyo ni lita 2 na kidogo kwa mtu. Kilichobakizwa mpaka asubuhi kikaingia mabuu na kutoa uvundo, aya ya 20. Isipokuwa siku ya 6, ambapo waliambiwa waokote pishi mbili na hakikuoza. Soma hizo mbili pamoja. Kuweka akiba si dhambi, mana yenyewe ilikuwa na siku yake ya kuwekwa. Kilichooza ni kile kilichofichwa kwa hofu kinyume cha agizo.

Tukitafsiri kwenye kiinua mgongo. Toa kwanza kodi, ada na dawa za kudumu, uzilipe au uzitenge mahali usipopafikia kirahisi. Kinachobaki gawanya kwa siku 90. Mfano amebaki na 540,000: ni 6,000 kwa siku, ya nyumba nzima. Hiyo ndiyo pishi. Siku ukitumia 4,500, zile 1,500 ziende kwenye nauli ya usaili na kuchapisha CV, zisirudi kwenye pombe ya "leo tumebana". Siku ukizidisha 2,000, punguza kesho yake, usingoje mwisho wa mwezi.

"Utupe leo riziki yetu" ni sala ya 6,000. Anayeomba riziki ya leo huku anapigia hesabu miezi 14 ya mbele kila usiku, anabeba mizigo miwili na neema kapewa ya mmoja. Hesabu ya mbele ifanye mara moja kwa wiki, Jumamosi asubuhi, na kalamu. Siku nyingine funga daftari.

Mambo matatu yanayoharibu:

Kwanza, kununua chakula kwa woga. Mtu anachukua kiinua mgongo chote ananunua magunia 6 ya mahindi, anayaweka chumbani bado yana unyevu, dumuzi anaingia, baada ya miezi mitatu anapepeta unga wa dumuzi. Ukiamua kuweka mahindi, yakaushe unyevu usizidi asilimia 13, tumia mifuko ya kinga njaa yenye nailoni mbili ndani, funga kila mfuko wa ndani peke yake ukiwa umetoa hewa, na usifungue kuchungulia. Nunua ya miezi mitatu, si ya mwaka.

Pili, mikopo ya kausha damu. Dalili yake ni riba inayotajwa kwa siku au kwa wiki na dhamana ya kadi ya benki au vyombo vya ndani. Kama una deni la kikoba, nenda kwa mwenyekiti kabla ya rejesho la kwanza kukosekana. Kikundi kinaweza kukuongezea muda au kukata kwenye hisa zako. Ukikosa mara mbili kimya kimya, katiba ya kikundi inafanya kazi yake na hapo hakuna wa kukuonea huruma.

Tatu, sadaka ya kujimaliza. Hili naliachia wenye Maandiko.

Mtunza Ghala

Nalipokea, maana linaumiza watu kila siku.

Andiko linalotumika ni mjane wa Sarepta, 1 Wafalme 17. "Kanifanyie mimi kwanza mkate mdogo", halafu mhubiri anataja kiasi. Turudi kwenye sura. Mungu alimpeleka Eliya Sarepta kwa sababu kijito cha Kerithi kilikauka. Nabii mwenyewe alikuwa na njaa ya ukame ule ule. Pipa la unga na chupa ya mafuta vilibaki nyumbani kwa mjane. Aya ya 15 inasema akala yeye, na Eliya, na nyumba yake. Nabii alihamia ghorofani, akala unga ule ule wa mjane ule ule, siku nyingi. Anayekuomba mkate wa mwisho kwa andiko hili muulize kama yuko tayari kuja kuishi kwako na kula 6,000 yako mpaka mvua inyeshe.

Na Paulo alipochangisha, 2 Wakorintho 8:12 hadi 13, aliweka kipimo: mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo, wala si kusudi wengine wapate raha nanyi mpate dhiki. Fungu la kumi la pato ambalo halipo ni sifuri. Toa ukiwa na moyo, hata elfu moja, ila kiinua mgongo cha familia hakina agizo lolote la kupandwa.

Bint Shariff

Asalaam aleikum. Nimeufuata uzi kimya, niruhusuni niongeze ya upande wetu kwa sababu yanakutana.

Alichosema Mhasibu kuhusu mahindi, katika Sura Yusuf, 12:47, Nabii Yusuf anaagiza walime miaka 7 na watakachovuna wakiache katika mashuke yake, isipokuwa kidogo watakachokula. Nafaka ikiwa bado ndani ya shuke huwawia wadudu vigumu. Basi humo humo ndani ya Qur'ani kuna ilimu ya ghala. Na Bukhari, mkusanyaji wa Hadithi, amepokea kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwawekea ahali zake chakula cha mwaka. Kuweka akiba hakuvunji tawakkul, yaani kumtegemea Mungu.

Hadithi ya ngamia kila mtu anaijua, ipo kwa Tirmidhi, mkusanyaji mwingine: mfunge, kisha tegemea. Ile ya ndege, yake na ya Ibn Majah, watu huisoma nusu. Ndege wanaruzukiwa, ndio, lakini hadithi inasema wanatoka asubuhi matumbo matupu na kurudi jioni wameshiba. Wanatoka. Hakuna ndege aliyeletewa kiotani isipokuwa kifaranga.

Kwa aliyepata kazi mbili asijue ashike ipi, au anayejiuliza arudi kijijini ama abaki mjini, kuna swala ya istikhara, kutoka kwa Jabir bin Abdullah, kwa Bukhari. Utaratibu: fanya uchunguzi wako kwanza na uulize wenye kujua. Tawadha, swali rakaa mbili zisizo za faradhi, si baada ya Alasiri mpaka Magharibi wala jua linapochomoza. Ukitoa salamu soma dua ya istikhara, na utaje haja yako kwa jina lake. Usiposhika Kiarabu, soma kwenye karatasi. Kisha endelea na lile uliloliegemea. Likiwa na kheri litafunguka, likiwa na shari utaepushwa nalo.

Makosa: kungoja ndoto. Hadithi haikutaja ndoto popote. Kumlipa mtu akusalie istikhara, ilhali dua yenyewe inasema "mimi nakuomba". Na kuiswali kwa jambo ambalo umeshalikatia shauri, unatafuta muhuri tu. Aya ya 3:159 ina mpangilio wake: washauri watu, ukisha kata shauri mtegemee Mwenyezi Mungu.

Kipanga Mweusi

Shukrani kwa wote. Lakini niwe mkorofi kidogo. Fomu najaza mimi, hela nagawa mimi, mahindi nakausha mimi, shauri nakata mimi. Mungu hapo anafanya nini? Mbona naona ni nidhamu ya kawaida iliyovishwa kanzu?

Katekista wa Kigango

Ukorofi wa halali huo. Chukua Ruthu sura ya 2. Sheria ya kuacha masazo pembezoni mwa shamba ilikuwapo tayari, Walawi 19:9. Boazi alikuwa mwenye shamba anayeitii. Ruthu aliamka akaokota tangu asubuhi, akapura, akapata kama efa moja ya shayiri. Hakuna muujiza hata mmoja katika kitabu kile, hakuna malaika, hakuna sauti. Lakini hakuchagua shamba la nani aingie. Aya ya 3 inasema ilitukia tu. Katika kutukia huko Mungu alikuwa anatenda, na wahusika hawakujua. Katekisimu namba 306 hadi 308 ndivyo inavyosema: Mungu si mshindani wa kazi yako ili tugawane asilimia. Yeye hutenda ndani ya utendaji wa viumbe wake.

Mkulima analijua hili. Kapalilia, kaweka mbolea, na bado anasema mavuno ametoa Mungu, wala haoni mgongano.

Mtunza Ghala

Niongeze upande mgumu. Nidhamu ya kawaida ina sharti: inafaa ikizaa matunda. Ukigawa hela vizuri na kazi isipatikane, nidhamu imeshindwa. Tumaini linalozungumzwa hapa lina "bali kama si hivyo" ya Danieli 3:18. Vijana wale walisema Mungu aweza kuwaokoa na tanuru, halafu wakasema hata asipowaokoa hawataisujudia sanamu. Habakuki 3:17 naye anaorodhesha: mtini, mzabibu, mzeituni, shamba, zizi la kondoo, kibanda cha ng'ombe. Vyote sita vimekufa. Huo ni uchumi wote wa Yuda wa wakati ule, kuanzia kitu cha starehe mpaka mtaji. Ndipo anasema "walakini".

Na Warumi 8:28 isomwe pamoja na ya 29. "Mema" yanayotajwa yameelezwa papo hapo: kufananishwa na mfano wa Mwana wake. Haijaandikwa kwamba utapata kazi yenye mshahara mkubwa kuliko ule wa kwanza. Huenda ukapata. Huenda ukaishia duka la kona kwa miaka. Anayemwambia mtu "Mungu kakufungia mlango huu kwa sababu ana mkubwa zaidi" anatoa ahadi isiyo yake, na siku mlango mkubwa usipoonekana, anayelaumiwa ni Mungu.

Mama wa Zamu

Hamjagusa watembeleaji. Nifupishe.

Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku 7 mchana na usiku, hakuna aliyesema neno, 2:13. Hiyo ndiyo sehemu pekee waliyofanya vizuri. Walipofungua mdomo kutafuta sababu, Mungu akaja kuwakemea, 42:7. Kwa hiyo ukienda kwa aliyepunguzwa usimuulize alikosana na nani ofisini.

Jumuiya nyingi hujaa nyumbani kwake wiki mbili za kwanza, soda na mapambio, kisha kimya. Njaa huwa inakuja mwezi wa tatu, hela ya mwisho ikiisha. Pangeni zamu ya miezi 4 tangu mwanzo: familia moja kila wiki. Wiki hiyo peleka kilo 5 za unga, maharage kilo 1, mafuta, na LUKU ya elfu tano. Usimuulize "unahitaji nini", atasema hana neno. Uliza "mita yako namba ngapi".

Yakobo 2:16 inawataja wanaosema "enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba" bila kutoa kitu. Ndiyo ile "tunakuombea" ya kwenye grupu la WhatsApp. Ukiiandika, ambatanisha na muamala.

Na mpe kazi. Mtu aliyezoea kuamka saa kumi na moja akikaa nyumbani wiki tatu anaanza kuoza kwa ndani. Aje ahesabu sadaka, afundishe watoto hesabu, akarabati madawati.

Mdau Kimya

Mezani, nirudi nyuma. Leo ni siku ya 19 tangu tarehe ya barua. Hiyo fomu inapatikana wapi na inapelekwaje?

Mezani Kwangu

Una siku 11, tosha kabisa, usipoteze hata moja. Inaitwa CMA F1, inapatikana ofisi ya Tume ya mkoa wako. Jaza jina kamili la mwajiri kama lilivyo kwenye mkataba, si jina la mtaani. Kwenye tarehe ya mgogoro andika tarehe ya kuachishwa iliyo kwenye barua. Sehemu ya matokeo unayoyataka sema wazi: kurudishwa kazini au fidia, pamoja na malipo unayodai. Saini.

Toa nakala. Moja mpelekee mwajiri kwanza, akugongee muhuri wa kupokea au asaini na tarehe. Akikataa, itume kwa rejesta na utunze stakabadhi. Kisha ya kwako pamoja na uthibitisho huo peleka Tume. Wengi wanakwama hapo: wamepeleka Tume bila uthibitisho kwamba mwajiri amepata.

Nakala ya tatu ikae nyumbani, mahali pakavu.